Mwandishi Aliyesubiri Jibu

Kompyuta ya baba ilikuwa inajizima tangu siku mama alipofariki, na ilikuwa bado haijazimika. Kwenye skrini duara dogo lilizunguka tu, na mvumo wa feni ukajaa chumbani mpaka kwenye mapazia. Baba alisinzia nao kitini, mchana kutwa.

"Usiguse waya wa umeme," aliniambia kila nilipoingia. "Mama yako yumo humo."

Hakuwa amechanganyikiwa. Siku ile alimrekodi mama kitandani, akabonyeza kuzima, mashine ikagoma. Akakaa kuisubiri. Mama hakusubiri. Na sauti yake ilikuwa bado haijafika kwenye diski. Umeme ukikatika, imekwenda.

Mfumo wa kuhifadhi mafaili ulitoka ofisini kwetu. Sisi watu wa programu tuna ugonjwa wa kuwapa wazazi vitu ambavyo havijaiva, tukiviita zawadi. Sehemu ya kuzima iliandikwa na mwenzangu tunayemwita Chapuchapu, na jina hilo hakupewa bure.

Niliunganisha kompyuta yangu na ya baba kwa waya, nikachungulia ndani. Kulikuwa kimya kama nyumba ya watu waliolala mchana. Mwandishi, ile sehemu inayoandika kila kitu kwenye daftari la mfumo kabla hakijapelekwa mahali pake, alikaa kalamu mkononi, akingoja mjumbe, sehemu inayopeleka amri, amwambie aandike. Mzimaji, ile sehemu ya kuzima, alimngoja mwandishi amalize. Na mjumbe? Chapuchapu alishamruhusu aende zake, wa kwanza kabisa. Nilimtukana kimoyomoyo, nikatosheka.

"Wanasubiriana, baba."

"Sasa nani aanze?"

"Mimi."

Nikamjibu mwandishi kwa niaba ya mjumbe: andika. Duara likasimama, skrini ikawa nyeusi, feni ikashusha pumzi, tukaisikia saa ya ukutani. Baba akanishika bega kwa nguvu.

Kurekebisha kwenyewe kulikuwa kuhamisha mstari mmoja wa programu, mjumbe aondoke baada ya mwandishi. Kisha tukawasha, baba akafungua rekodi.

Mama akakohoa. Akamcheka baba kwa kuvaa fulana nje ndani. Halafu akasema, taratibu, "Haya, zima basi, mume wangu, uje unishike mkono."

Baba aliweka mkono mezani, kiganja wazi.

"Imezima, mke wangu," akasema. "Ilinichelewesha."