Dakika Kumi Zilizobaki

Mpima maji alipoviona viganja vya dada yake, salamu zilimkaukia mdomoni. Vilikuwa vimeota vinundu vigumu kama punje za mahindi.

"Sabuni za siku hizi hizo," dada akasema. "Zinamchubua mtu utadhani zina ugomvi naye."

Mpima maji akacheka naye, lakini kicheko cha kinafiki. Mikono ya namna ile aliioneshwa kwenye mafunzo: mikono ya watu waliokunywa aseniki kwa miaka, sumu isiyo na rangi, harufu wala ladha. Na pampu ya pale uani, walikochota majirani wote, ilikuwa imepakwa kijani, yaani kunyweni bila wasiwasi. Aliyeipaka ni yeye, miaka minne iliyopita.

Alijaza maji ya pampu ile kwenye chupa ya kioo, akatia unga wa kwanza, kisha wa pili, na povu lilipoanza tu akafunga kizibo chenye kijikaratasi cheupe kinachoning'inia ndani. Akaiweka kivulini. Hapo mtu anangoja dakika ishirini, karatasi ibadilike rangi, yaani mna sumu, au isibadilike. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, kungoja, na hata hiyo ilimshinda.

Siku ile ya kuipaka pampu kijani, gari la kazini lilikuwa linampigia honi, na nyumba yenyewe ni ya dada, wa tumbo moja naye. Dakika ya kumi akafungua, akaona umanjano wa kukisia tu, akaandika "salama". Nani angemuuliza?

Sasa dakika ya kumi ilipofika, dada akachungulia. "Si rangi ile ile ya siku ile? Fungua bwana, tuingie ndani tupige soga."

"Bado, dada."

Ya kumi na tano ikawa njano kweli. Ya ishirini ikawa kahawia iliyokolea, rangi ya mwisho kabisa kwenye chati ya kupimia sumu. Mpima maji akamweleza dada yake yote, bila kupamba.

Dada akashusha sauti. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi sema kifaa kilikuwa kibovu. Watakufukuza, mdogo wangu. Mimi nimeshakunywa, hayatapikiki tena."

Wema ule ulimuuma kuliko kofi.

Hawajamaliza, jirani akaingia na ndoo, tumbo la miezi saba mbele.

"Usichote," mpima maji akamwambia. "Yana sumu."

"Tangu lini?"

Dada akawahi. "Kifaa cha mwanzo kilikuwa kibovu, mwenzangu. Ndiyo tumejua leo."

Kutikisa kichwa tu kungetosha. Mpima maji alilitazama lile tumbo, akashindwa.

"Kilikuwa kizima. Nilikifungua mapema kwa haraka zangu. Mmekunywa sumu miaka yote minne."

Jirani hakumtukana. Alimgeukia dada. "Na wewe ukanidanganya, mimi na hali hii?" Akatoka, ndoo akaiacha pale pale.

Dada alibaki anautazama mlango wa ua.

"Miaka minne nimekunywa sumu yako," akasema polepole. "Wewe uongo wangu mmoja tu umekushinda kuumeza."