Daktari Haambiwi

Soksi zilitoka kwa shida, na mwenye miguu akaomba radhi kwa harufu. Alikuwa sajini mstaafu, mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi, na alichokuja nacho siku ile ni kikohozi tu. Kapteni Tasnim Shuaib alipiga magoti sakafuni na sare yake ya jeshi, akapitisha kidole baina ya vidole vya mzee yule, kimoja baada ya kingine, akitafuta kidonda ambacho mwenyewe hawezi kukihisi. Hakukiona. Akamshukuru Mungu kimoyomoyo, akamrudishia soksi zake.

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya Kanali aliyemfundisha: mwenye kisukari akija kwa jino, mvue soksi, hata akija kukuuliza njia, mvue soksi. Tasnim alikuwa amebakiza miezi michache kukamilisha mafunzo yake ya udaktari wa familia katika hospitali ya jeshi, mwendo wa saa tatu kusini mwa Garland, pembeni mwa Dallas, walikoishi wazazi wake. Jeshi ndilo lililomsomesha, na akusomeshaye ndiye akutumaye. Wiki ile amri ilikuwa imetoka. Akimaliza mwezi wa sita, safari ni Korea, miaka miwili.

Kwao hawakuwa na habari. Bi Mwanakhamis, mama yake, alikwisha kumpigia rangi chumba na kuwatangazia wanawake wenziwe msikitini kwamba daktari wao anarudi. Habari kama ile haipelekwi kwa simu. Jumamosi asubuhi Tasnim akatia gari moto akaenda Garland bila kumwarifu mtu.

Alikuta gari la baba limeegeshwa, majani makavu yamejaa kwenye kioo cha mbele. Hilo halikumshangaza. Aliambiwa baba amechukua likizo ya kazi yake ya kupeleka mizigo ya ghala la Mesquite, yuko Pearland, karibu na Houston, kwa Azizi, kaka mkubwa wa Tasnim, anamsaidia kupaka rangi nyumba. Kilichomshangaza ni ukimya. Akafungua kwa ufunguo wake, akaita, hakuitikiwa. Akampigia mama.

"Niko nyumbani, mwanangu," mama akasema kwa sauti ya uchangamfu. "Nipo jikoni hapa, napika."

Tasnim alikuwa amesimama jikoni humo humo, kiganja kakiweka juu ya jiko lililopoa.

"Mama, mimi ndiye niliye nyumbani."

Kisha mama akasema, "Basi njoo Pearland. Usi-drive mbio."

Njia ya Houston ni ndefu, na imenyooka mno kwa mtu mwenye mawazo. Alianza kuyaunganisha. Wiki zote za likizo ile simu za video zilimwonyesha baba kuanzia kifuani kwenda juu. Na kabla ya hapo, siku ya Idi. Katika nyumba ambamo viatu huachwa mlangoni na zulia hukanyagwa kwa miguu mitupu, baba, naye mwenye kisukari, alikaa amevaa soksi nene nyeupe. Tasnim aliziona. Lakini ni binti gani atakayemwambia babake avue kitu, hata soksi, sebuleni, mbele ya wageni? Alimbusu mkono, akapokea sahani yake ya biriani. Watu baki aliwavua kila siku, babake akamstahi.

Mzee Shuaib alikuwa sebuleni kwa Azizi, kwenye kiti kipana, shuka miguuni. Shuka ilishuka vizuri upande mmoja. Upande wa pili ilianguka tu, chini kidogo ya goti. Ulikuwa mguu wa kulia, ule wa kukanyagia mafuta, na dereva asiye nao si dereva tena.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umekonda. Hawakupi chakula huko?"

Tasnim akamvuta kaka yake jikoni kwa mkono wa shati.

"Lini?"

"Walimkata siku ile ya board exam yako," Azizi akasema. Alikuwa muuguzi katika mojawapo ya hospitali kubwa za Houston, na alijua vyema anachoulizwa. "Ungeambiwa, ungeuacha mtihani uje kulia hapa. Tukakubaliana usiambiwe."

"Nani na nani?"

"Mimi na Mama. Na Baba mwenyewe, yeye ndiye aliyeanza kusema."

"Na kidonda ulikiona lini?"

Azizi akageuka, akafungua bomba, akaosha kikombe kilichokuwa safi.

"Kaka Azizi."

"Kabla ya Idi. Nikamwambia twende hospitali, akakataa. Akaniapisha."

Ina maana siku ile ya biriani kila mtu wa nyumba ile alijua kilichomo ndani ya soksi, isipokuwa daktari. Tasnim alikasirika. Alitaka kumtukana kaka yake na heshima ikamziba, na kule kuzibwa kukamwongezea hasira. Akarudi sebuleni, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Baba, lau mngeniambia siku ya Idi, huu mguu ungekuwepo."

Ilikuwa kauli ya kweli na ilikuwa kauli ya ukatili, na aliyajua yote mawili kabla haijamtoka. Mama akaanza kulia polepole, uso kwenye ncha ya mtandio.

"Huenda," baba akasema. Hakuonyesha kuudhika. "Mimi nilidhani ni kidole tu. Nikasema, mwanangu anasomea haya haya, kabakisha kidogo. Kwa nini nikavuliwe na watu nisiowajua? Nikawa nakuwekea. Nikasema akimaliza, atakitazama mwenyewe."

Tasnim akainamisha kichwa. Kwa miaka mitatu alikuwa amewasikia wagonjwa wakitoa kila udhuru: kazi, bima, woga, usahaulifu. Huu hakuwahi kuusikia. Mtu ameoza mguu kwa kujivunia mtoto. Hasira yake ikakosa pa kukaa.

Akaushika mguu uliobaki. Baba hakumzuia. Akaukagua kama alivyofundishwa, unyayo, kisigino, kucha, na baina ya kidole cha mwisho na mwenziwe akaona ngozi imechanika kidogo, ufa mwembamba kama uzi. Kwa kuangaliwa kila wiki ungepona. Kwa kuachwa, alijua unakwenda wapi.

"Mguu unaendeleaje?" mama akauliza, akijifuta macho.

"Unataka kutazamwa mara kwa mara."

"Alhamdulillahi. Mwezi wa sita si huo?" Mama alikuwa amekwisha kuinua birika, anamimina chai. "Wamekwambia watakuweka wapi? Nimesikia hata Dallas hapo wana kituo chao."

Amri ilikuwa kwenye simu, na simu ilikuwa mfukoni. Alikuwa ameendesha gari nusu ya siku ili aiseme. Akamtazama mama, macho mekundu na uso uliokunjuka kwa tamaa, akaona si wakati. Wamekwisha kuumia vya kutosha. Ataisema wakishapoa.

"Bado hawajasema, Mama."

Ilitoka kwa uchangamfu, sauti ile ile ya mtu anayepika mbele ya jiko lililopoa.

"Watakuweka karibu, inshallah," baba akasema. Akauegemeza mguu wake vizuri mikononi mwa binti yake, akafumba macho kwa raha. "Azizi kanitafutia daktari wa hapa hapa, eti wa kila Jumatatu. Nimemwambia a-cancel. Huu mmoja nakuwekea wewe."

Azizi akacheka kidogo. Mama akasema amina.

"Baba," Tasnim akasema. "Usiniwekee."

Mama akasita na birika mkononi. Baba akafumbua macho, tabasamu bado lipo.

"Kwa nini, mwanangu?"