Hatua za Bibi Harusi

Farasi wetu jike tunamwita Bibi Harusi kwa sababu ya maringo, na asubuhi ile maringo yote yalikuwa yamemwisha. Daktari wa mifugo wa mashindano alimfunga vifaa vidogo vya kupimia, kimoja kila mguu, Baba akamkimbiza kwa kamba, na kompyuta ikaonyesha kwamba hatua zake za kushoto ni fupi kuliko za kulia. Farasi anayechechemea hashindani. Tulibakiziwa nafasi moja ya kumkimbiza tena kwenye njia ya lami. Akishindwa, mashindano ya kesho tungeyasikia kwa jirani.

Mimi ndiye ninayempanda, na mdomo wangu hauna breki. Nilimwambia daktari mashine yake imelewa. Baba akanikanyaga ninyamaze. Yeye ndiye aliyemlea Bibi Harusi kwa chupa baada ya mama yake kufa, na tangu hapo hajamwachia mtu kamba. Nilipapasa kila kwato na kila kifundo, sikukuta joto wala uvimbe. Nikataka kulia.

Daktari akapendekeza safari hii nimwongoze mimi. Baba akagoma, eti mnyama atashtuka, hajazoea mkono wangu. Mimi ninayeshinda mgongoni mwake! Nikampokonya kamba.

Jamani, tulikimbia. Bibi Harusi alirefusha shingo, akatupa miguu mbele, nusura aning'oe bega. Kofia yangu ilibaki nyuma, nami nikawa nacheka kama mwendawazimu. Daktari akatazama kompyuta, akaguna. Kushoto na kulia sawasawa, amepita. Akauliza nimempa nini, nikamwambia labda upepo.

Baba akaja mbio kutukumbatia, na hapo ndipo tulipomwona vizuri: hatua ndefu, kijihatua, hatua ndefu, kijihatua. Mguu wa kushoto ulikuwa unaburuta.

"Baba, nyonga hiyo imeanza kukuuma lini?"

"Nyonga gani?"

Daktari, huku akijizuia kucheka, akamfunga Baba vifaa miguuni na kumwomba akimbie. Mzee akakubali kwa ubishi tu. Kwenye kompyuta mchoro ukatoka uleule wa asubuhi, na upungufu uleule wa kushoto. Tulicheka mpaka daktari akakaa chini. Njia ya mwongo ni fupi, nikamwambia Baba, na hatua zake ndizo hizo.

Yeye hakucheka. Alikuwa anamtazama Bibi Harusi, aliyekuja kusugua pua begani mwake, na akaelewa kwamba mnyama yule mwenye kiburi kuliko wote uwanjani alikuwa akifupisha hatua ili asimwache nyuma. Machozi yakamtoka mbele ya watu wote.

"Hospitali nitakwenda," akasema, akiichukua kamba yake mkononi mwangu. "Akishamaliza kushindana. Ila wewe mwanangu usinisindikize, unakwenda mbio mno. Nitakwenda na huyu."