Basela Iliyorudishwa

Mujukuu wangu, tegua hiki: bantu bote bakikonda, mimi nanenepa. Mimi ni nani? Usiseme fisi. Ni bei.

Mwaka wa 1961 niliiona ikinenepa kwenye meza ya mama yangu, Régine. Alikuwa akiuza bunga ya mahindi sokoni hapa, muji ukiitwa bado Elisabethville. Bunga ilitoka Kasomeno kwa baiskeli. Vita ilipoanza mwezi wa tisa, barabara ikafungwa, baiskeli hazikuja tena. Tulibaki na gunia mbili chini ya kitanda.

Siku ya nne ya vita, kopo moja ikawa faranga kumi na tano. Juzi yake ilikuwa tano.

Akaja jirani yetu Simone, tuliyemwita Mama Mapasa kwa sababu ya mapacha wake, mmoja mgongoni, mwingine akimshika kitenge.

"Kumi na tano? Régine, iko nyama ndani ya hii bunga?"

"Ni vita, Mama Mapasa. Banafunga njia."

"Banafunga, najua. Lakini hii bunga, weye ulinunua lini?"

Mama alianza kufuta kopo ambayo ilikuwa safi.

Simone akafungua pindo la kitenge, akalipa. Mama akapima, kisha akaongeza basela, ile kidogo ya juu ambayo kila muuzaji hutoa bure. Siku hiyo aliongeza viganja vitatu, vinne, mpaka nikashangaa. Simone akaisukuma basela yote kwa kiganja, ikarudi ndani ya gunia letu.

"Nilipe mara tatu, halafu unibembeleze na ya bure? Bakia nayo."

Soko lote likageuka kutazama. Nani aliwahi kurudisha basela?

"Mama," nikauliza, "weye iko mubaya?"

"Nikiuza yote kwa tano, Kasomeno batanipa gunia gani kesho? Meza inakufa. Halafu huyo Simone atanunua wapi?"

Nikaona mama ana haki. Halafu nikakumbuka wale mapacha, nikaona Simone ana haki. Nikarudi kwa mama, nikarudi kwa Simone. Leo nina wajukuu kumi na mmoja, kichwa kinazunguka vilevile.

Siku tatu Simone alipita mbele yetu bila salamu, na bunga yake ilipokwisha, jiko lake halikutoa moshi. Kila jioni mama alikuwa akitazama jiko lile. Siku ya nne akajaza kopo, akashika faranga kumi, akanivuta mkono mpaka mlangoni kwa Simone.

"Shika, Mama Mapasa. Ile siku nilipitisha bei."

Simone hakunyoosha mkono. Nyuma yake pacha mmoja alikuwa akilia, sauti imekwisha.

"Sikukuomba pesa, Régine. Nilikuuliza kitu."

Mama akatazama vidole vyake, vyeupe kwa bunga.

"Mbele ya vita," akasema. "Nilinunua mbele ya vita, njia ikiwa bado wazi."