Kiti Kimoja cha Pikapu

…amekubali, mwenzangu, amekubali! Baba anakuja kwenye harusi yangu, kasema kwa mdomo wake mwenyewe, na mimi nimejifungia ndani ya pikapu nje ya nyumba yetu nakurekodia wewe kabla hata Mama hajajua. Usinikatize, na hata huwezi. Sikiliza tu.

Unakumbuka nilivyokuwa nalia kwenye simu. Baba alimwambia Mama wakinywa chai kwamba harusi ataiangalia kwenye simu, mtu amrushie picha. Sababu hakutoa. Baba ni mtu wa kutoa uamuzi, sababu hana kazi nazo. Kachezesha mpira miaka yote ile, mtaa mzima unamwita Refa, na refa ukimuuliza kwa nini, anakuonyesha kadi. Mimi nikajijibu mwenyewe: hamtaki mchumba wangu.

Basi Jumamosi iliyopita nikaenda kuangalia kumbi na Mama na Shangazi, dada yake Baba. Ukiolewa wewe usifanye hivyo. Shangazi anataka taa za vioo zinazoning'inia, Mama anataka mahali pa kuegesha magari, mmoja akisema ndiyo mwingine anabinua mdomo. Meneja wa ukumbi mmoja alituacha tunabishana akaenda kula, akarudi, akatukuta pale pale. Tukarudi nyumbani mikono mitupu.

Leo mchumba wangu akaniazima pikapu yake ya kubebea magodoro. Mbele ina viti viwili, changu na kingine kimoja. Asubuhi na mapema Shangazi huyo, kilemba kichwani, mkoba kwapani.

"Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni," akasema. "Kiti hicho ni changu."

"Na tumboni alibebwa na nani?" Mama akamuuliza, huku anatafuta viatu vyake.

Nikasema naenda na Baba.

Shangazi akashusha mkoba, Mama akabaki na kiatu kimoja mkononi. Baba mwenyewe alikuwa barazani anakata kucha. "Mimi na mapambo wapi na wapi?" akasema. Nikamwambia sitaki mtu wa mapambo, nataka mtu wa kuamua. Hapo akainuka kutafuta kofia.

Njiani nikaona nimuulize tu. "Baba, mchumba wangu humtaki?"

"Yule kijana? Hana neno. Anaendesha gari kama kapakia mayai, lakini hana neno."

"Sasa mbona hutaki kuja?"

"Angalia barabara, mama."

Ukumbi wa kwanza ulikuwa na zile taa za vioo, Shangazi angezililia. Baba hata hakuinua macho. Alimuuliza meneja vyoo viko wapi, akaelekezwa: toka nje, pita bustani, shuka ngazi. Alikawia huko. Aliporudi alikuwa anahema, akaingiza mkono mfuko wa shati, akaninyooshea kadi nyekundu ya hewa.

"Kosa lake nini?"

"Refa haulizwi."

Wa pili uko ndani ya hoteli. Swali ni lile lile. Choo kimefungwa, funguo anazo mlinzi, mlinzi yuko getini. Nikamwona Baba kasimama kando ya mlango, mikono nyuma, kifua mbele, kama timu ziko mstarini zinamsubiri mgeni rasmi. Nikadhani anajivuna tu. Halafu nikaona jasho linamtiririka nyuma ya sikio, na mguu mmoja unagonga gonga sakafu.

Mwenzangu, nilielewa pale pale. Ni ule upasuaji wake wa tezi dume wa mwaka jana, tangu hapo haja ndogo haimpi nafasi. Kumbe ndiyo maana siku hizi haendi hata uwanjani kuangalia mpira. Ndiyo maana siku wakwe walipokuja alikaa kiti cha mlangoni, mimi nikasema anawadharau. Na mahafali yetu, unakumbuka, jina langu linaitwa yeye hayupo kwenye kiti, nikamnunia mpaka tunafika nyumbani?

Mlinzi alipofika na funguo nikajifanya napiga picha mapazia.

Wa tatu ni ule ulio nyuma ya gereji. Mbaya, jamani. Kuta rangi ya dawa ya meno, feni inalia kama mlango mbovu, na katikati kabisa kuna nguzo nene. Ukikaa upande wa pili bwana harusi utamsikia tu, kumwona sahau. Lakini pembeni ya meza ya wazazi kuna mlango, na nyuma ya mlango kuna choo, kisafi, hakuna ngazi, hakuna funguo. Baba akaingia, akatoka. Akavuta kiti cha plastiki akakaa pale pa wazazi. Akainuka, akaingia tena, akarudi taratibu akiwa ametulia, akakaa kakunja nne.

"Hapa mtu anaweza kukaa," akasema.

"Utakaa?"

"Kwani nani kasema siji?"

"Wewe. Ulisema utaangalia kwenye simu."

"Simu yangu betri mbovu."

Nikamwambia meneja aandike jina letu haraka, Baba asije akageuka. Wakati wa kurudi, tumekwama kwenye foleni ya magari, ndipo akasema, uso kaugeuzia dirishani. "Dakika tisini nilikuwa nakimbia juani, siendi popote. Leo hotuba moja tu siimalizi. Nisingeweza kuwa napita mbele ya ukumbi mzima, naenda narudi, na wewe umekaa pale juu umependeza." Kisha akasema, "Shangazi yako asijue. Mwambie ukumbi umeupenda wewe."

"Nimeupenda kweli," nikamjibu, na sikudanganya.

Sasa shida ndiyo hii. Shangazi hakurudi kwake. Namwona kutoka hapa, kakaa barazani na kilemba chake, ananyoosha mkono anataka simu aone picha, na picha zote nguzo imo. Mama yuko nyuma yake. Baba kapita katikati yao, kasema, "Ukumbi umepatikana, muulizeni mwenyewe," kaingia ndani moja kwa moja, wewe unajua wapi. Mimi nitasema nguzo ndiyo fasheni, tutaizungushia maua. Nitasema rangi ya dawa ya meno naiota tangu nikiwa mdogo. Wacha waseme sina macho, Baba atakuwepo. Ila wewe funga mdomo, hili ni lako na langu.

Haya, Shangazi kashashuka ngazi za baraza, kashika mlango wa pikapu. Nakata. Kesho, nikiwa bado mzima, nakwambia alivyoipokea ile nguzo.