Alama za Siku za Malaba

Mkwe wangu Okwi, mume wa binti yangu Aanyu, ndiye anayewatembelea wagonjwa wa presha kijijini kwetu, karibu na Mukuju. Mimi ni mmoja wao. Alinichorea kadi kwa rula, kisanduku kimoja kwa kila siku ya mwezi, nitie alama nikishameza kidonge cha asubuhi. Visanduku alivifanya vikubwa kwa sababu ya macho yangu. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Kwetu Wateso, mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni. Akija hukaa nje, mgongo mlangoni, nami hukaa ndani, na Aanyu hupitisha maneno katikati.

Kidonge kile kinakojosha. Jumatatu na Alhamisi nauza karanga sokoni Malaba, mpakani, na choo kiko mbali, ng'ambo ya foleni ya malori. Siku hizo sikumeza. Lakini alama nilitia. Kisanduku kitupu kingemfanya Okwi aulize sababu, na mama mkwe ataanzaje kumweleza mkwe wake habari za mkojo?

Jumamosi alikuja akitoka zahanati.

"Mwambie mama," alisema, "daktari ameiona kadi. Amemsifu kwamba hajaruka hata siku moja. Ila presha bado iko juu, kwa hiyo ataongezewa dawa kali zaidi."

"Umesikia, mama?" Aanyu akasema. "Umesifiwa na daktari. Sasa hapa nyumbani nani atakuweza?"

Sikucheka. Okwi mwenyewe alitufundisha kwamba dawa ikizidi mwilini, mtu huanguka.

"Mwambie hiyo kadi ni ya uongo."

"Uongo gani?"

"Siku za Malaba simezi."

Aanyu aliacha kutabasamu. "Ataniuliza kwa nini."

Okwi alikuwa hatua tatu kutoka kwetu. Alikuwa amesikia yote, na hakuuliza. Nilijifunika uso kwa leso nikamwambia Okwi moja kwa moja.

"Kinanikojosha, baba. Na choo kiko mbali."

Nilitamani ardhi inimeze. Nje, alikisogeza kiti chake mbele kidogo, mbali na mlango, akakohoa.

"Aanyu, mwambie mama wagonjwa wangu wengi wa sokoni hufanya hivyo. Kosa ni langu, sikuwauliza. Nitamwomba daktari ampangie saa nyingine."

Kati ya wagonjwa wake wote, anayeuza sokoni ni mimi peke yangu. Nilielewa kwamba amedanganya kwa ajili yangu, na hapo ndipo aibu ilipozidi.

"Aniachie tu alama za kweli," aliongeza. "Daktari asimpe dawa kwa kadi hii."

Aanyu akaniletea kadi ile na kalamu. Nilizikata alama za siku za Malaba moja moja, hadi zikafika tisa. Okwi alingoja nje bila kugeuka.