Milango Iliyomgongea Zuheri

Baada ya sala ya alasiri Zuheri alitoka nyumbani kwa mama yake, akaurudisha mlango taratibu, akaweka sikioni simu ambayo upande wa pili haikuwa na mtu. Mbele yake, umbali wa maduka matatu manne, alikuwa akitembea Mbelgiji mmoja mnene mwenye kofia ya ukili, jina lake Wim. Wim akisimama kutazama viatu vya ngozi, Zuheri naye alisimama kwa muuza zeituni na kuuliza bei. Wim akikata kona, Zuheri alingoja kidogo, kisha akakata. Hivyo ndivyo wanavyotembea Marrakesh wageni wanaume na wanaume wenyeji waliokodiwa nao wawe wenzi wao kwa wiki moja au mbili, na asiyejua kutembea hivyo kazi hiyo hadumu nayo.

Maana askari wa utalii wamejaa kila njia panda, tena hawavai sare. Wakimwona kijana wa mjini bega kwa bega na mzungu, humkamata kwa upapasi, yaani kuongoza wageni bila kibali. Hilo ni kosa dogo: faini, makofi mawili, unalala rumande, kesho uko kwenu. Kosa la pili, la mwanamume kulala na mwanamume, ni la kifungo. Zuheri aliliogopa hilo la pili tangu siku ya kwanza. Hofu yake aliamka nayo, akala nayo, akalala nayo. Alikuwa fundi wa taa za shaba, mwenye miaka ishirini na tisa, ila tangu karakana ifungwe taa zilikuwa hazimlishi. Wim alimpata kwa njia ya simu, akampenda kwa upole wake, na huu ulikuwa mwaka wa tatu anakuja.

Alhamisi, Zuheri alipopita mbele ya nyumba ya mjane wa mchuna ngozi, kikono cha shaba cha kubishia hodi kilijiinua chenyewe mlangoni, kikagonga. Mjane akafungua. Akamwona Zuheri katikati ya njia, wala hajausogelea mlango. Wakaamkiana, akafunga. Mlango uliofuata ukagonga, na wa mbele yake nao ukagonga. Kufikia Jumamosi milango yote ya kichochoro chetu ilikuwa ikigonga Zuheri akipita nyuma ya mgeni wake, na kunyamaza akipita peke yake.

Hakuna aliyeshangaa. Watu walikasirika tu, kwa sababu vichanga vilikuwa vikiamshwa. Hajj Tuhami, muuza mkaa, alisema milango hii ndiyo tabia yake. Enzi za Wafaransa ilimgongea mjomba wake, aliyekuwa akipitisha bunduki chini ya matita ya mnanaa, mpaka wakaja kumchukua. Shaba haina adabu, alisema Hajj. Ukipita mbele yake na siri, itakutangaza.

Wanawake ndio waliotafuta dawa. Wa kwanza alikuwa Lalla Rkia, mama yake Zuheri. Alikifunga kikono cha mlango wake kwa kitambaa chake cha kichwani, fundo akalikaza kwa meno. Jirani alipouliza, alijibu kwamba baridi huiharibu shaba. Ilikuwa Juni, jua linachoma mpaka paka hawatoki. Jirani akasema kweli kabisa, akaenda kukifunga cha kwake, na hadi jioni kichochoro kizima kilikuwa kimefungwa matambara kama watu wanaoumwa meno. Sisi watu wa mtaa huu tunajua mengi, na tunajua pia namna ya kutojua.

Lalla Rkia hakumuuliza mwanawe neno. Alipoteza tu hamu ya kula, na kila akisikia viatu nje alikuwa akisimama.

Zuheri alimwambia Wim waache kuonana, hata kwa siku chache. Wim alikuwa juu ya paa la nyumba ya wageni, anakula tini, akacheka. Alikuwa ameisikia milango, akadhani inamkaribisha yeye. Alisema kwao Ghent mtu anaweza kufa chumbani na jirani asijue, na huku hata milango inamsalimia mgeni. Kisha akatoa lililokuwa likimkera miaka yote mitatu: amechoka kutembea mbele kama mtu anayefuatwa na mbwa wa mtaani.

"Mimi sioni aibu kuwa nawe," alisema.

"Si aibu, Wim. Ni pingu."

"Zama hizo zimepita. Watu wa hapa ni wema, nimewaona mwenyewe."

"Wema wao ndio hayo matambara."

Wim hakuelewa. Zuheri akamfundisha upya, polepole, kama mtoto anavyofundishwa sura fupi: wakisimamishwa, aseme alipotea njia, akaomba kuongozwa, akampa kijana kitu kidogo, basi. "Niache niwe papasi," alimsihi. "Papasi anarudi kwa mama yake." Wim aliahidi.

Jumatatu Wim alimsubiri kwenye mdomo wa kichochoro, na Zuheri alipotokea na simu yake sikioni, akamshika mkono. Akaupitisha kwapani mwake, kama wazee wa kwao wanavyotembea bustanini. Zuheri alijaribu kuuchomoa, Wim akaukaza. Vikono vyote vikagonga kwa pamoja. Mafundo yalikatika, matambara yakaruka, kitambaa cha Lalla Rkia kikaangukia kwenye maji machafu. Haikuwa tena sauti ya hodi, wallahi. Hajj Tuhami aliziba masikio, akaingia ndani.

Bwana Buazza, au Si Buazza kama tunavyomwita huku, mjumbe wa mtaa, alitoka na glasi yake ya chai mkononi. Wanaume wawili waliokuwa wakinyolewa kwa kinyozi waliinuka na povu mashavuni, kumbe walikuwa askari. Si Buazza alikuwepo siku Zuheri alipotahiriwa, na siku hii yeye pia alikuwa akiogopa, kwa sababu ana wakubwa wake. Alisema kwa sauti kubwa, ili askari wasikie:

"Zuheri mwanangu, umeanza upapasi? Kibali huna, unawasumbua wageni wa watu?"

Nyuma ya kila mlango mtu alishusha pumzi. Mzee alikuwa amemtafutia pa kutokea.

"Nimekosa, Si Buazza," Zuheri alisema haraka. "Mimi papasi. Nichukueni."

Askari mmoja akamfafanulia Wim kwa Kifaransa, kwa heshima zote, kwamba kijana huyu ameonekana akiongoza wageni bila kibali, na kwamba wanaomba radhi kwa usumbufu. Wim akaikumbuka ahadi yake, akaiona ni uongo wa kumdhalilisha mtu. Uso ukamwiva kwa hasira.

"Huyu si papasi," alisema. "Hajawahi kuniongoza popote. Ni mpenzi wangu. Analala kwangu."

Neno la kukodi hakulitaja. Nadhani alikuwa amelisahau. Si Buazza aliitazama chai yake. Askari alimwomba Wim arudie tena, taratibu, naye akarudia kwa fahari.

Zuheri alifungwa miaka miwili. Wim alipewa kiti kituoni, maji baridi, na ushauri kwamba apande ndege ya mapema. Kabla ya kwenda uwanjani alifika kwa Lalla Rkia, na Lalla Rkia alimkaribisha, maana mgeni hafukuzwi. Alimtengea chai ya mnanaa na mkate wa shayiri. Mjane wa mchuna ngozi alikaa kati yao kutafsiri. Wim alilia, tena machozi ya kweli. Alisema alimtetea kijana kwa nguvu zake zote, mbele ya watu wote, bila woga.

Lalla Rkia alimsikiliza mpaka mwisho.

"Muulize kwa nini hakumwacha awe papasi."

"Kwa sababu haikuwa kweli," Wim alijibu.

Mjane akatafsiri. Lalla Rkia akaisogeza glasi karibu na mgeni.

"Mwambie anywe. Chai inapoa."

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Wim alitenda, akaenda zake. Alipita katikati ya kichochoro akiburura sanduku, akiitazama milango kulia na kushoto kama anayengoja kuagwa, na hakuna hata mmoja uliomgongea.